BOTI IKIVUJA KWENYE SHAFTI TUFANYE NINI?

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wahitimu wa kisomo, manahodha na mabaharia wa kijiji kimoja cha pwani. Tunayachapa hapa ili wasomaji wetu wengine nao wafaidike.)



Leo tutazungumza juu ya jambo moja tu. Ni juu ya maji yanayoingia katika boti ya injini kupitia pale shafti inapotoka kwenda kuzungusha propela.

Jambo hili laonekana dogo. Lakini kwetu sisi boti ndiyo barabara. Mgonjwa hupelekwa hospitali kwa boti. Mama mjamzito huvushwa usiku kwa boti. Samaki, nazi na mwani hufika sokoni kwa boti. Wenzetu wa visiwa vidogo vya Mafia, kama Jibondo, Juani na Chole, hawana barabara ya kuwatoa kisiwani. Boti ikilala, na watu wamelala. Boti ikizama, kinachofuata tunakijua wenyewe.

Tunataka tukimaliza hapa kila mmoja wetu ajue mambo matatu. Kwanza, maji yapi ni ya kawaida na yapi ni ya hatari. Pili, namna ya kukaza na kubadili pakingi. Tatu, wakati wa kuweka spana chini na kumwita fundi.

TUIJUE GLANDI

Injini imekaa ndani ya chombo. Nyuma yake pana giaboksi. Kutoka kwenye giaboksi kuna chuma kirefu cha mviringo. Hicho ndicho shafti. Shafti hupita katika bomba lililotobolewa tezi, yaani nyuma ya chombo, ikatokea nje majini. Kwenye ncha yake ndipo ilipofungwa propela, ambayo wengine huiita rafadha.

Sasa jamani, tumetoboa chombo chini ya maji kwa kusudi! Na kati ya shafti na bomba lazima pawe na nafasi, maana shafti inazunguka. Nafasi hiyo maji nayo yanaitaka. Ndiyo sababu ndani ya chombo, pale bomba linapoishia, amewekwa mlinzi. Mlinzi huyo anaitwa glandi.

Glandi ni kama kopo dogo la shaba au chuma linaloizunguka shafti. Ndani ya kopo hilo zimepangwa pete za pakingi, mara nyingi tatu au nne. Pakingi ni kamba ya kusuka yenye pande nne, iliyoloweshwa grisi. Baada ya pete hizo inakuja kofia ya chuma. Kofia hii husukumwa na nati mbili. Boti nyingine zina nati moja kubwa. Ukikaza nati, kofia inazisukuma pete. Pete nazo zinatanuka na kuibana shafti, na maji yanapungua. Ukilegeza, maji yanaongezeka.

TONE LA KAWAIDA NA MTIRIRIKO WA HATARI

Watu wengi hudhani kwamba glandi nzuri ni ile isiyotoa hata tone moja. Hapo ndipo shafti nyingi zinapoharibikia.

Hebu sugua viganja vyako kwa nguvu. Unasikia joto? Sasa fikiri shafti inayozunguka mara mamia kwa dakika moja, imebanwa na kamba pande zote. Isipopata maji kidogo itapata moto. Grisi itayeyuka, pakingi itaungua na kuwa ngumu, kisha itaanza kuikwangua shafti. Kwa hiyo maji kidogo yanayopita ndiyo yanayopoza na kulainisha.

Mafundi wa meli wamelijua jambo hili tangu zamani. Huko Uingereza, mwaka 1854, fundi mitambo John Penn alianza kuweka vipande vya mti mgumu sana mahali shafti za meli zinapoegemea, badala ya shaba iliyokuwa ikilika upesi. Hakuhitaji mafuta mahali hapo. Maji yenyewe ya bahari yakawa ndiyo kilainisho.

Basi kipimo chetu ni hiki. Shafti ikiwa imesimama, glandi iwe kavu au karibu kavu. Shafti ikizunguka, glandi itoe matone mawili au matatu kwa dakika. Usikisie. Shika saa, uhesabu.

Kipimo cha pili ni joto. Baada ya kwenda kama nusu saa, zima injini kabisa. Kisha weka kiganja juu ya glandi. Ikiwa ya baridi au vuguvugu, ni salama. Ikiwa huwezi kuiacha mkono juu yake, imekazwa mno. Usiiguse shafti inapozunguka, hata kidogo. Kanga, shuka, mkono wa shati au kamba ya suruali ikinaswa na shafti, mtu huvutwa pamoja nayo.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Sisi tuliosoma tusiogope hesabu. Kijiko cha chai hujaa kwa matone kama 100. Glandi ikitoa matone 3 kwa dakika, kwa saa moja ni matone 180. Hivyo ni chini ya vijiko viwili vya chai. Kwa safari ya saa 10 ni matone 1,800, yaani vijiko 18. Hayo hayafiki hata nusu ya kikombe. Hayo hayazamishi chombo.

Sasa tuchukue glandi inayotiririka kikombe kimoja cha robo lita kila dakika. Kwa saa moja ni vikombe 60, sawa na lita 15. Kwa usiku mmoja wa saa 10 ni lita 150. Lita moja ya maji ni kiasi cha kilo moja. Kwa hiyo chombo kimepakia kilo 150 ambazo hakuna aliyezipakia! Na mzigo huu haukai mahali pamoja. Chombo kikilala upande, maji nayo yanakimbilia upande huohuo. Ndipo wimbi la kawaida linapoweza kukipindua. Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba.

KUKAZA BILA KUUA SHAFTI

Kabla ya kukaza chochote, hakikisha maji yanatoka wapi. Kumba maji yote yaliyomo chini ya injini. Pangusa glandi kwa kitambaa kikavu. Kisha mulika kwa tochi na utazame. Pengine maji yanatoka kwenye mpira wa kupoza injini, au kwenye maungio ya mbao yanayotaka kalafati. Boti nyingine zina kipande cha mpira kinachounganisha glandi na bomba. Mpira huo ukipasuka ni hatari kubwa. Utazameni pamoja na klipu zake.

Ikiwa ni glandi kweli, fanya hivi:

1. Zima injini. Mwenye ufunguo akae nao mfukoni mwake.

2. Legeza nati za nje, zile zinazozizuia nati za kukazia zisirudi.

3. Nati ina pande sita. Kaza kila nati upande mmoja tu, yaani sehemu moja ya sita ya mzunguko. Nati zote mbili ziende sawa. Kofia ikiingia upande, itaisugua shafti.

4. Zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa nzito kuliko kawaida, umekaza mno. Rudisha nyuma.

5. Funga tena nati za nje. Washa injini, uende polepole, uhesabu matone. Baada ya dakika 10 zima, ushike joto, uhesabu tena.

6. Ikiwa bado yanazidi, ongeza upande mmoja mwingine. Usiongeze mara mbili kwa mpigo.

Tumepata kuiona boti ya kikundi kimoja cha wavuvi. Baharia wao alichoka kukumba maji kila siku. Akachukua spana ndefu, akakaza nati mpaka pakawa pakavu kabisa. Wenzake wakamsifu. Safari ya kwanza wakasikia harufu ya kamba inayoungua, lakini wakaendelea, maana samaki walikuwa wengi. Walipofungua glandi, shafti ilikuwa imechimbwa mfereji kuizunguka pande zote. Tangu hapo hakuna pakingi mpya iliyokaa. Boti ikalala ufukweni msimu mzima wa kaskazi, watu wakichanga fedha za shafti. Huyu akamlaumu yule. Wengine wakajitoa katika kikundi.

Baharia yule hakuwa mvivu, wala hakuwa mwizi. Hakuna aliyemwambia tu kwamba tone linahitajika. Ndiyo maana tunasema ujuzi huu usiwe siri ya mtu mmoja. Nahodha, baharia, mweka hazina na hata abiria wa kila siku, wote waujue.

KUBADILI PAKINGI

Kofia ikiwa imeingia mpaka mwisho na maji bado yanatiririka, pakingi imekwisha. Kukaza hakutasaidia tena.

Kazi hii ifanywe nchi kavu. Wako mafundi wanaoifanya chombo kikiwa majini, lakini pete ya mwisho ikitoka maji huingia kwa kishindo. Sisi tusijaribu. Pwani yetu ina neema yake. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na asubuhi hupwa kabisa kiasi cha saa 4 au saa 5. Kipelekeni chombo kwenye mchanga safi alfajiri maji yanapoanza kupwa. Kitieni gadi imara pande zote mbili. Mtapata saa kadhaa za kazi. Lakini maji hayamngoji mtu. Kila kitu kiwe tayari kabla ya kuanza: spana mbili, kisu kikali, grisi, vitambaa, kulabu ya waya mgumu, vipande viwili vya mti laini, na pakingi yenyewe.

Pakingi inunuliwe kwa kipimo. Pima upana wa ndani wa glandi. Pima unene wa shafti. Toa, kisha gawa kwa mbili. Kwa mfano, glandi ina milimita 44 na shafti ina milimita 32. Tofauti ni 12. Gawa kwa mbili, unapata 6. Basi nunua pakingi ya milimita 6. Ikiwa nyembamba itavuja. Ikiwa nene haitaingia, na ukiilazimisha itaungua.

Sasa kazi:

1. Fungua nati, rudisha kofia nyuma.

2. Toa pete za zamani zote kwa kulabu. Zihesabu na uandike idadi. Usiikwaruze shafti. Usiweke pete mpya juu ya pete ya zamani, maana ile ya chini imekwisha kuwa ngumu kama mti.

3. Safisha ndani. Pitisha ukucha juu ya shafti. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, simama hapo, mwite fundi.

4. Zungusha pakingi mpya juu ya shafti mahali palipo safi, ukate pete moja moja kwa kisu kikali. Kata mshazari, ili ncha mbili zilaliane vizuri. Pete isiwe na pengo, wala ncha zisipandane.

5. Paka grisi nzito isiyotoka majini. Ingiza pete ya kwanza, uisukume mpaka mwisho kwa kipande cha mti. Usitumie bisibisi.

6. Ingiza pete ya pili na ya tatu, lakini maungio yasikae mstari mmoja. Fikiri uso wa saa ya ukutani. Ungio la kwanza likiwa kwenye namba 12, la pili liwe kwenye 4, la tatu kwenye 8. Maungio yakifuatana, maji yamepata mlango.

7. Rudisha kofia, kaza nati kwa vidole tu. Zungusha shafti kwa mkono. Iende kwa wepesi.

8. Maji yakijaa na chombo kikielea, tazama glandi kwanza kabla ya kuondoka. Kaza kidogo kidogo kama tulivyokwisha kueleza. Pakingi mpya huendelea kujikalisha, kwa hiyo safari za mwanzo ziwe fupi, na matone yahesabiwe kila mara.

Jambo la kukataza: tusitie glandi vipande vya kanga, kamba ya katani, uzi wa nyavu wala mpira wa baiskeli. Vingine huyeyuka, vingine huikwangua shafti. Tutaokoa shilingi chache leo na kununua shafti kesho.

PAKINGI MPYA NAYO IKIUNGUA

Ikiwa pakingi mpya imewekwa vizuri na bado inaungua au kuvuja upesi, ugonjwa haupo kwenye pakingi. Tazameni haya. Je, uzi wa nyavu umejisokota kwenye shafti karibu na propela? Je, ukiinua propela juu na chini, shafti inacheza? Kama inacheza sana, mahali inapoegemea pamelika. Je, shafti imepinda baada ya kugonga mwamba? Je, bolti za miguu ya injini zimelegea, injini ikahama kidogo? Injini na shafti zisiponyooka pamoja, shafti hutikisika na kupanua pete.

Uzi tunaweza kuutoa wenyewe. Hayo mengine ni ya fundi. Na fundi akija kunyoosha injini, kipimo cha mwisho kichukuliwe chombo kikielea, kwa sababu chombo kilichokaa mchangani hubadilika umbo kidogo.

IKITOKEA BAHARINI

Maji yakianza kuingia kwa nguvu mkiwa mbali, msibabaike. Kila mtu avae jaketi okozi. Zima injini, maana shafti ikisimama maji hupungua. Mmoja akumbe maji. Mwingine akaze nati kidogo. Kama haitoshi, zungushia kitambaa kilichopakwa grisi pale shafti inapotokea kwenye glandi, ukifunge kwa nguvu kwa kamba. Pigeni simu nchi kavu mapema, msingoje mpaka hali iwe mbaya. Kisha tweka tanga, mrudi. Injini isiwashwe kabla ya kutoa kitambaa hicho. Ndiyo sababu chombo chenye injini kisiache tanga na makasia nyumbani.

AINA NYINGINE ZA INJINI

Wenye injini za kufunga nyuma ya mashua hawana glandi ya namna hii. Wao wana sili ya mpira karibu na propela. Sili hiyo haitakiwi kupitisha hata tone, kwa sababu nyuma yake kuna mafuta ya gia. Dalili yake ni moja. Fungua bolti ya chini ya kumwagia mafuta. Yakitoka meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Msiendelee kuitumia. Gia zitapata kutu na kuvunjika. Mwiteni fundi abadili sili. Vilevile, boti nyingine za siku hizi zenye shafti zimewekwa sili ya mpira badala ya pakingi. Hizo nazo hazitakiwi kudondoka. Someni kijitabu kilichokuja nazo, au mwulizeni fundi.

DAFTARI LA CHOMBO

Ndugu zetu, spana ni kifaa kimoja. Kalamu ni kifaa cha pili. Katika kila chombo pawe na daftari, lifungwe ndani ya mfuko usioingiza maji. Kila wiki mtu mmoja aandike: tarehe, matone kwa dakika, glandi ni baridi au ya moto, nati zimekazwa pande ngapi, na jina la aliyekaza. Siku ya kubadili pakingi, aandike kipimo chake na idadi ya pete.

Mkiona Januari ni matone 3, Februari ni 6, na Machi ni 12, mtajua mapema kwamba pakingi inakwisha. Mtainunua na kuibadili kabla kusi halijakaza. Tena hapatakuwa na ugomvi wa nani alikaza na nani hakukaza. Yote yameandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tukumbuke: tone likihesabiwa linalinda shafti. Tusilizibe kwa hasira, wala tusiliache likawa mto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini glandi ya pakingi haitakiwi kuwa kavu kabisa shafti inapozunguka?

2. Glandi inatoa nusu lita kila dakika 5. Itaingiza lita ngapi kwa saa 6?

3. Glandi ina upana wa milimita 54 na shafti ina milimita 38. Tununue pakingi ya milimita ngapi?

4. Katika kijiji chetu, ni nani atakayetunza daftari la boti, na nani atakuwa msaidizi wake?